Jinsi ya Kufuatilia Historia ya Dereva wa Ridhaa wa Mbio za Klabu: Anzia Kazini Kwake

Kaburi la Jim Clark liko Chirnside, kijiji cha Uskoti kilicho karibu na mpaka wa England. Alikuwa bingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1963 na tena mwaka 1965, lakini jiwe la kaburi linataja kwanza kwamba alikuwa mkulima wa Edington Mains, na ubingwa umeandikwa chini ya hapo. Ikiwa hata kwa mtu wa kiwango hicho shamba lilitangulia, basi kwa madereva wa ridhaa waliojaza viwanja vya klabu nchini Uingereza kuanzia mwaka 1946 hadi miaka ya 1970, kazi ya kila siku ndiyo iliyobeba maisha yao, na mbio zilikuwa shughuli ya Jumamosi iliyolipiwa na mshahara wa Ijumaa.

Mwongozo huu unamhusu mtu aliyeachiwa kikombe kilichochujuka rangi, picha mbili tatu na kauli ya ukoo kwamba babu au mjomba "alikuwa akishindana na magari", naye angependa kujua alishindana wapi, lini, kwa gari gani na kwa mafanikio yapi. Wengi huanza kwa kulitafuta jina lake katika matokeo ya mbio, wakakosa, wakakata tamaa. Ushauri wangu ni kuanza upande wa pili, yaani na kazi yake, kwa sababu mashindano madogo ya klabu hayakuandikwa kwa ukamilifu popote, ilhali daktari, wakili, kasisi au mhasibu aliandikwa jina, anwani na sifa zake katika kitabu kilichochapishwa mwaka baada ya mwaka.

Hebu kwanza tuelewe kwa nini matokeo hayatoshi. Chama cha magari cha Royal Automobile Club, yaani RAC, ndicho kilichotoa vibali vya mashindano, na vibali hivyo vilikuwa vya ngazi mbalimbali, kuanzia mashindano ya wanachama wa klabu moja tu hadi yale ya kimataifa. Dereva wa ridhaa alitumia maisha yake mengi ya mbio katika ngazi za chini. Siku moja ya klabu ingeweza kuwa na mbio nane au kumi fupi fupi, na gazeti la magari likazipa aya moja: washindi, pengine na mtu aliyepinduka. Aliyemaliza wa saba katika mbio ya nne hakuandikwa popote isipokuwa kwenye karatasi ya waamuzi wa saa, na karatasi hizo nyingi zilitupwa.

Jina kwanza, na kila namna lilivyoandikwa

Chukua daftari na uandike jina kamili la mhusika, herufi zote za mwanzo wa majina yake, jina la utani, cheo cha kijeshi kama alikuwa nacho, na cheo cha taaluma. Vijitabu vya programu vya miaka hiyo vilipenda herufi za mwanzo, hivyo mtu aliyeitwa Jack na nduguze wote anaweza kuwa ameandikwa J. R. H. mahali pamoja, Dr. J. R. mahali pengine, na J. peke yake siku ambayo mpiga chapa alikuwa na haraka. Usiliamini jina la utani la ukoo mpaka uone cheti cha kuzaliwa, kwani Jack katika Kiingereza mara nyingi ni John, na Bill ni William.

Ujue pia kwamba wapo walioficha majina kwa makusudi. Mfano unaojulikana ni wa Ubelgiji, ambako mfanyabiashara Jean Blaton alishindana kwa jina la "Beurlys". Mwenye ofisi ya uwakili au chumba cha tiba alikuwa na sababu nzuri ya kutotaka wateja wake wasome Jumatatu kwamba gari lake lilikutwa limeingia kwenye marobota ya majani makavu pembezoni mwa uwanja. Ukikuta jina geni limewekwa kati ya alama za nukuu katika orodha ya washiriki, liweke akibani.

Jambo la kuogopa zaidi hapa ni watu wawili wenye herufi sawa. Mimi mwenyewe niliwahi kumwandikia mtu mmoja mashindano manne ambayo hakuyakaribia, kwa kuwa mwenzake mwenye herufi zilezile na jina lilelile la ukoo alikuwa na gari la aina ileile. Kilichowatenganisha hatimaye ilikuwa kazi: mmoja alikuwa daktari wa meno, na mwingine alikuwa na gereji.

Rejista za taaluma

Hapa ndipo penye mali, na ndipo ninapoomba msomaji asiwe na haraka.

Kwa madaktari, Uingereza imekuwa na rejista rasmi iliyochapishwa tangu mwaka 1859, kufuatia sheria ya tiba ya mwaka 1858. Kwa madaktari wa meno, rejista ilianza mwaka 1879. Humo utapata jina kamili, anwani, tarehe ya kusajiliwa na shahada aliyoipata pamoja na chuo. Makasisi wa Kanisa la Anglikana wana kitabu chao kiitwacho Crockford, kilichoanza mwaka 1858, na mawakili walikuwa na orodha yao ya kila mwaka. Wahandisi walisajiliwa na vyama vyao vya kitaaluma, na fomu za kuomba uanachama wa vyama hivyo mara nyingine hueleza kazi zote alizofanya mwombaji tangu uanagenzi, jambo ambalo hata mkewe pengine hakulijua.

Usiishie kwenye mwaka mmoja. Fuata rejista mwaka kwa mwaka, na uandike kila anwani inapobadilika. Dereva aliyehama kutoka London kwenda kaskazini hubadilisha pia klabu na viwanja, na mtafiti asiyejua kuhama huko humwona amepotea ghafla, akadhani ameacha mbio au amefariki.

Kwa waliokuwa hawana rejista, yaani wafanyabiashara, wakulima, mafundi na makarani, tumia kumbukumbu za serikali. Sensa ya mwaka 1921 ya England na Wales ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022. Ya mwaka 1931 usiitafute, iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya mwaka 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa na rejista iliyochukuliwa tarehe 29 Septemba 1939, ambayo inaonyesha tarehe ya kuzaliwa na kazi ya kila mtu katika kaya. Dereva wa miaka ya 1950 aliyekuwa na umri wa miaka 30 huenda akaonekana humo kama mwanafunzi; basi tazama kazi ya baba yake, maana gari la kwanza la mbio mara nyingi lilitoka kwenye mfuko wa baba. Vyeti vya ndoa navyo hutaja kazi ya bwana harusi na ya baba wa kila upande.

Mwisho, pitia gazeti rasmi la serikali, The London Gazette. Wengi hulidharau wakidhani ni la vyeo na nishani tu. Humo hutangazwa pia kuvunjwa kwa ubia wa biashara, kufilisika, na miito ya wadai wa marehemu. Nimeona zaidi ya mara moja kwamba mwaka ambao dereva alitoweka viwanjani ndio mwaka ambao ubia wake ulivunjwa, na hakuna simulizi la ukoo lililokuwa likiutaja.

Kazi haikupi anwani peke yake, inakupa pia aina ya nyaraka za kutarajia. Chukua mbio za saa 24 za Le Mans za mwaka 1927. Bentley ya lita 3 iliyoshinda iliendeshwa na watu wawili ambao wote walikuwa na shughuli nyingine: Dudley Benjafield, daktari na mtaalamu wa bakteria, na Sammy Davis, mwandishi wa habari wa jarida la The Autocar. Gari lao lilijeruhiwa vibaya Jumamosi jioni katika ajali ya magari mengi eneo la White House, wakalifunga walipoweza kulifunga na kuendelea hadi ushindi. Kwa Davis, aliyekuwa na kalamu, kuna maelezo mengi ya mkono wake mwenyewe. Kwa Benjafield, mtafiti hana budi kupita pia hospitali na majarida ya tiba, kisha arejee mezani, kwani karamu alizowaandalia madereva wenzake ndizo zilizozaa klabu ya British Racing Drivers' Club mwaka 1928. Jiulize kuhusu mtu wako: je, kazi yake ilikuwa ya kuandika, ya kupima, ya kuuza au ya kunyamaza?

Kalenda ya kazi na kalenda ya mbio

Ukishakuwa na anwani na kazi, chora jedwali la miaka, upande mmoja uweke msimu wa mbio, ambao kwa kawaida ulianza Machi au Aprili na kumalizika Oktoba, na upande wa pili uweke mwaka wa kazi yake. Mkulima wa nafaka hupotea viwanjani mwezi Agosti kwa sababu ya mavuno. Mwalimu huonekana zaidi wakati wa likizo. Daktari wa mtaa huonekana wiki moja na kukosekana nyingine, kwa zamu ya kuitwa na wagonjwa. Mhasibu huchelewa kuanza msimu, maana mwaka wa kodi wa Uingereza humalizika tarehe 5 Aprili. Mwanafunzi huwa na mitihani: Tony Brooks alikuwa bado akisomea udaktari wa meno alipokwenda Syracuse, Sicily, mwezi Oktoba 1955, akisoma vitabu vyake ndani ya ndege, akashinda Grand Prix kwa gari la Connaught ambalo hakuwahi kuliendesha kabla ya safari hiyo.

Mapengo mengine si ya mtu bali ni ya nchi. Petroli iligawiwa kwa kipimo tangu vita hadi Mei 1950, na mgogoro wa Suez ukarudisha mgao kuanzia Desemba 1956 hadi Mei 1957. Dereva asiyeonekana mapema mwaka 1957 huenda hakuuza gari, alikosa mafuta tu. Ukilijua hilo unaacha kubuni sababu za kifamilia.

Jedwali hilo litakuonyesha pia viwanja vya kuanzia. Dereva wa ridhaa alifanya kazi hadi Ijumaa jioni, akavuta gari lake kwa kamba au trela, au akaliendesha lenyewe barabarani hadi uwanjani na kurudi nalo nyumbani kama halikuharibika. Hakwenda mbali bila sababu. Aliyeishi Kent mtafute kwanza Brands Hatch; wa Sussex, Goodwood, iliyofunguliwa Septemba 1948 na kuacha mbio mwaka 1966; wa Norfolk, Snetterton; wa Cheshire, Oulton Park; wa Wiltshire, Castle Combe. Silverstone ilikuwa ya wote. Kabla ya vita karibu kila mtu wa kusini alipita Brooklands, uwanja uliofunguliwa mwaka 1907 na ambao haukurudi tena kwenye mbio baada ya mwaka 1939. Usisahau vilima vya Shelsley Walsh na Prescott, ambako gari hupanda peke yake likishindana na saa. Watu waliojali ngozi zao na leseni zao za kazi walipenda huko, kwa kuwa hakuna wa kukugonga ubavuni.

Programu, matokeo, na tofauti kati yake

Sasa tafuta klabu. 750 Motor Club iliundwa mwaka 1939 kwa ajili ya wapenzi wa Austin 7, gari dogo lenye injini ya cc 747, na ikawa shule ya watu wenye mikono mizuri na pesa kidogo. Colin Chapman, aliyesomea uhandisi na kuajiriwa na kampuni ya alumini, alijenga Lotus yake ya mbio za magari ya injini za cc 750 ya mwaka 1951 kwa muda wa baada ya kazi, kama walivyofanya mamia ya wengine ambao majina yao hayakuvuma. Vintage Sports-Car Club ilianza mwaka 1934, na ilivuta wenye magari ya zamani. Ziko pia British Automobile Racing Club (BARC), British Racing and Sports Car Club (BRSCC) na klabu za mikoa. Nyingi kati ya hizo zilikuwa na jarida la wanachama, na jarida hilo ni tamu kuliko gazeti lolote, kwani lilimsimulia aliyemaliza wa saba kwa sababu alikuwa rafiki wa mhariri.

Majarida makubwa ya kupitia ni Motor Sport, lililoanza mwaka 1924 kwa jina la Brooklands Gazette, na Autosport, lililoanza Agosti 1950. Magazeti ya miji midogo ni muhimu zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwani mhariri wa mji hakujali kwamba daktari wao alimaliza wa saba Snetterton. Kwake daktari wa mtaa kuendesha gari la mbio ilikuwa habari. Unapotafuta humo kwa kompyuta, usiandike jina pekee. Andika jina la ukoo pamoja na kazi, au jina la ukoo pamoja na mji, na ujaribu pia bila jina: kazi, mji na jina la uwanja.

Kijitabu cha programu kina mtego mmoja mkubwa. Kilichapishwa siku kadhaa kabla ya mashindano, kwa hiyo kinaonyesha aliyejiandikisha, hakionyeshi aliyefika. Kati ya kujiandikisha, kufika, kuruhusiwa na wakaguzi, kuanza na kumaliza kuna ngazi tano, na gari la ridhaa liliweza kukwama kwenye yoyote. Katika maelezo yako andika "alijiandikisha" ikiwa ushahidi pekee ni programu. Nakala zenye maandishi ya kalamu ya risasi ya watazamaji ndizo za kuwinda: mtu aliyekata jina kwa mstari na kuandika namba nyingine pembeni amekufanyia kazi ya nusu siku.

Soma pia aina ya mbio. Katika mbio za kutangulizana, gari dhaifu liliruhusiwa kuondoka sekunde kadhaa kabla ya lile la nguvu, ili wote wafike mwisho pamoja. Ushindi hapo unathibitisha kwamba mpanga muda alimhurumia, au kwamba alikuwa ameficha mwendo wake kwenye mazoezi. Ushindi wa daraja, yaani wa kundi la magari yanayolingana, ni tofauti na ushindi wa jumla, na kikombe cha daraja chenye gari moja tu ni kikombe halali, ila usikiandikie aya nzima. Katika mbio za kupokezana za saa 6 ambazo 750 Motor Club ilikuwa ikiziandaa Silverstone, matokeo yalitajwa kwa jina la timu, kwa hiyo mtu wako anaweza kuwa amejificha nyuma ya jina la utani la kundi la marafiki sita.

Kusoma picha moja

Tuseme una picha moja tu. Haina tarehe. Gari dogo la wazi liko kwenye kona, mlangoni limebandikwa duara jeupe lenye namba 43, na nyuma kuna kilima na watu waliokaa kwenye nyasi. Kabla ya kumwuliza yeyote, itazame kwa kioo cha kukuzia kwa mpangilio huu.

Tazama namba ya usajili, kwani magari mengi ya klabu yalibaki na namba za barabarani. Ikiwa inamalizika kwa herufi ya mwaka, gari lilisajiliwa mwaka 1963 au baadaye: A ni 1963, B ni 1964, C ni 1965, na kuendelea, isipokuwa mwaka 1967 ambao ulikuwa na herufi mbili, E na kisha F kuanzia Agosti. Hii inakupa mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia. Haikwambii mwaka wa picha yenyewe. Namba isiyo na herufi ya mwisho haimaanishi kwamba picha ni ya kabla ya mwaka 1963, kwani gari la mwaka 1955 lingeweza kushindana mwaka 1969.

Tazama kichwa cha dereva. Kofia ngumu ililazimishwa katika mbio mwaka 1952, hivyo kofia ya kitambaa katika mbio za kweli inakupeleka nyuma ya hapo. Tazama upande gari linakoelekea. Ikiwa umeitambua Brands Hatch, magari yaliizunguka kinyume cha saa hadi mwaka 1953. Mwaka 1954 yaligeuzwa yafuate saa, na uwanja ukaongezwa kipande cha kupanda hadi kona ya Druids. Picha ya Goodwood yenye kona bandia ya kupunguzia mwendo kabla ya mstari wa kumalizia ni ya mwaka 1952 au baadaye.

Kisha geuza picha. Mhuri wa mpiga picha nyuma yake, wenye namba ya negativu, unaweza kuwa na thamani kuliko sura yenyewe, maana wapiga picha wa viwanjani waliweka madaftari ya siku na namba. Ukishajua uwanja na kukadiria miaka miwili au mitatu, kinachobaki ni kupekua programu za uwanja huo hadi uikute namba 43 mbele ya gari la aina hiyo. Kazi hiyo inachosha, na hakuna njia ya mkato ninayoijua.

Gari lenyewe

Gari litafutwe baada ya mtu, kwa sababu gari hudanganya. Gari la mbio hubadilishwa injini, bodi, hata fremu, na pale ambapo historia huongeza bei, muuzaji huwa na hamu ya kukuthibitishia kwamba ndilo lenyewe. Ushahidi ulio bora ni kitabu cha usajili cha zamani, ambacho kiliorodhesha wamiliki mmoja baada ya mwingine pamoja na mihuri ya tarehe. Linganisha anwani iliyomo na ile ya rejista ya taaluma. Zikikubaliana, umeunganisha mtu na gari kwa nyaraka mbili ambazo hazikujuana.

Magari mengi ya ridhaa hayakuwa na jina la kiwanda. Yalijengwa gerejini kwa fremu ya Austin 7 au injini ya Ford ya cc 1172, na yakapewa jina la mjenzi au la mbwa wake. Kuanzia miaka ya 1950 wengine walinunua gari kwa vipande, kama Lotus Seven, na kuliunga wenyewe, kwa sababu vipande vilikwepa kodi ya ununuzi iliyotozwa gari zima. Stakabadhi za vipande hivyo, zenye pauni, shilingi na peni za kabla ya Februari 1971, zitunze hata kama zimetapakaa grisi. Zinakuonyesha alichokimudu kwa kipato chake, na kwa nini alikaa na tairi zilezile misimu miwili.

Kuzungumza na waliobaki

Nenda kwa wazee ukiwa na picha na jedwali, usiende na dodoso. Ukimwuliza mzee "alishindana mwaka gani?" utapata mwaka usio sahihi uliosemwa kwa uhakika mkubwa. Ukimwuliza gari lililalishwa wapi, nani alilivuta, mama alisema nini siku ya kwanza, na Jumatatu alirudi kazini na jeraha gani, utapata mambo ya kuthibitisha. Muulize mjane au binti kabla ya rafiki wa gereji. Wao ndio waliojua fedha zilikotoka na siku ziliposimama. Ikiwa dereva alikuwa daktari, usiulize wala usichapishe lolote la wagonjwa wake.

Penye kifo uwanjani, kuwa mpole na kuwa sahihi. Majalada ya uchunguzi wa vifo nchini England kwa kawaida hufungwa kwa miaka 75, lakini gazeti la mji huwa liliripoti kikao. Soma ripoti hiyo peke yako kwanza, kisha uwaulize jamaa kama wangependa kuiona.

Kupima kwa hesabu

Kila mwendo unaosimuliwa upimwe. Uwanja mfupi wa Brands Hatch baada ya mwaka 1954 ulikuwa na urefu wa maili 1.24, yaani karibu kilomita 2. Zidisha urefu kwa 3,600, ugawe kwa sekunde za mzunguko: aliyezunguka kwa sekunde 62 alikuwa na wastani wa maili 72 kwa saa, sawa na kilomita 116. Gazeti likisema maili 82, linadai mzunguko wa takriban sekunde 54 na nusu, na kwa gari la Austin 7 lenye cc 747 katika miaka hiyo hilo si la kuaminika. Mara nyingi mwandishi alichukua mwendo wa mwisho wa njia iliyonyooka akauita wastani.

Kuandika na kuhifadhi

Andika maisha yake kwa mfuatano wa miaka, kazi na mbio katika mstari mmoja, wala usizitenge katika sura mbili. Kila dai liwe na alama yako ya kiwango: limethibitishwa kwa nyaraka mbili, kwa moja, au kwa simulizi. Mashindano usiyoyaona katika matokeo yabaki kwenye orodha ya pembeni, hata kama ukoo umeyasimulia kwa miaka 40 na utakukasirikia.

Nakala moja wape jamaa, nyingine klabu yake, na kama umepata picha au programu zisizopatikana kwingine, uliza maktaba ya jumba la makumbusho ya magari la Beaulieu, Hampshire, au Brooklands kwa wale wa kabla ya vita, kama wangezipokea. Nyuma ya kila picha andika jina lake kamili, kazi yake, uwanja na tarehe kwa kalamu ya risasi laini, kwenye ukingo, bila kukandamiza, kwa kuwa wino hupenya hadi upande wa pili na baada ya miaka michache unaonekana usoni pa dereva.